Chati ya mimea ikigoma: kutafuta chanzo kuanzia kwenye jedwali

Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa Malindi, Watamu na Gede wanaohesabu miti katika msitu wa Arabuko-Sokoke au kwenye mikoko ya Mida, kisha wanakaa mbele ya R, programu ya takwimu, na kupata chati isiyoeleweka. Nimeupanga kwa dalili, maana ndivyo tatizo linavyomjia mtu: anaona kioja kwenye skrini na hajui kimetoka wapi. Ninavyoona mimi, ugonjwa hauko sana kwenye mbinu. Uko kwenye jedwali, au kwenye kipimo cha umbali, yaani cha jinsi viwanja viwili vinavyotofautiana, kilichochukuliwa bila kufikiriwa. PCA, NMDS na CCA ni mbinu za kuvipanga viwanja kwenye chati ili vinavyofanana vikae karibu. Mtu anayehama kutoka PCA kwenda NMDS, na kutoka NMDS kwenda CCA, huku jedwali lake lina kasoro ile ile, anaihamisha kasoro tu.

Nachukulia kwamba una majedwali mawili. La kwanza lina kiwanja cha sampuli kwenye kila mstari na spishi kwenye kila safu, na ndani yake mna idadi ya miti, asilimia ya eneo lililofunikwa, au eneo la mashina, yaani ukubwa wa mkato wa mashina ya miti. La pili lina vipimo vya mazingira: chumvi, aina ya udongo, umbali kutoka kwenye mkondo wa maji. Mistari ya majedwali hayo lazima ifuatane vilevile. Programu haisomi nia yako; inaoanisha mstari wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili. Ukipanga jedwali moja kwa jina la kiwanja na lingine likabaki kwa tarehe, hesabu itapita bila onyo lolote na majibu yote yatakuwa ya uongo. Basi linganisha majina ya mistari kwa amri, usiyalinganishe kwa macho.

Programu inakataa, au inajibu NaN (si namba)

Chanzo cha kawaida ni kiwanja kitupu. Kipimo cha Bray-Curtis, kilichotokana na kazi ya mwaka 1957 kuhusu misitu ya Wisconsin huko Marekani, huchukua jumla ya tofauti za spishi kati ya viwanja viwili na kuigawanya kwa jumla ya mimea yote iliyomo. Viwanja viwili vikiwa vitupu, unagawanya sifuri kwa sifuri.

Kwenye mikoko viwanja vitupu si ajabu. Nyuma ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, mna uwanda wa chumvi usiomea kitu, na mahali palipokatwa miti yote hapana cha kuhesabu. Utupu huo ni habari, kwa hiyo usiufute kwa kuwa programu imelalamika. Swali lako likiwa ni spishi zipi zinaishi pamoja, viondoe viwanja hivyo na useme wazi umeondoa vingapi. Swali likiwa ni athari ya ukataji, kuviondoa ni kuondoa jibu lenyewe. Hapo ongeza spishi bandia yenye thamani moja ndogo katika viwanja vyote, kama Clarke na wenzake walivyopendekeza mwaka 2006. Viwanja viwili vitupu vitahesabika kuwa vinafanana, na kiwanja chenye mti mmoja kitakuwa karibu na kitupu, kama kilivyo kwa kweli.

Kama hakuna kiwanja kitupu, angalia kama safu zako ni namba kweli. Alama ya kujumlisha inayotumika katika skeli ya Braun-Blanquet, ya kukadiria mimea kwa daraja, kwa mmea uliopo kidogo sana husomwa na programu kama maandishi, na safu nzima hugeuka maandishi. Tumia mageuzi ya van der Maarel ya mwaka 1979, yanayozipa daraja hizo namba 1 hadi 9. Mkato kwenye desimali badala ya nukta huleta matatizo hayo hayo. Na seli iliyoachwa wazi si sifuri: sifuri ni spishi uliyoitafuta ukaikosa.

Kiwanja kimoja kimekimbilia pembeni, vingine vyote vimerundikana

Tazama jumla ya kila mstari na idadi ya spishi kwenye kila kiwanja. Mara nyingi utakuta 24 imeandikwa 240, au mtu mmoja kwenye timu alihesabu miche pamoja na miti huku wengine wakihesabu miti tu.

Halafu kagua majina. Katika daftari moja la Arabuko-Sokoke unaweza kukuta mti mmoja kwa jina la Kigiriama, la Kiswahili na la kisayansi, na programu ikahesabu spishi tatu. Kinyume chake pia hutokea: kwenye mikoko, anayeandika mkoko anaweza kuwa na maana ya Rhizophora mucronata peke yake, na mwingine akawa na maana ya mti wowote wa kwenye matope. Toa orodha ya majina yote ya safu kwa alfabeti, uipitie na mtu anayeijua miti hiyo kwa majani na magome. Mti ambao hamwafikiani juu yake, chukueni sampuli yake iliyokaushwa na kuipeleka kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo katika Makumbusho ya Taifa Nairobi. Hii ni kazi ya jasho isiyoonekana kwenye ripoti, lakini bila hiyo hakuna hesabu itakayokufaa.

Ikibainika kwamba namba na majina ni sahihi, kiwanja hicho huenda ni kigeni kweli. Arabuko-Sokoke ina mabwawa ya msimu, na kiwanja kilichoangukia ukingoni mwa bwawa kitakuwa na mimea ambayo haipo kwingine kokote. Kitoe kwa sababu ya kimsitu, na useme umekitoa. Kukitoa kwa kuwa kinaharibu picha si sababu.

NMDS inatoa stresi ya karibu sifuri, na umefurahi

Usifurahi bado. Stresi ni kipimo cha jinsi chati inavyoshindwa kuonyesha mpangilio wa kweli wa umbali kati ya viwanja. Stresi ya karibu sifuri kwa kawaida inatokana na viwanja vichache mno, au na kundi la viwanja lisilo na spishi hata moja ya pamoja na kundi jingine. NMDS hutazama mpangilio wa umbali tu, kipi kikubwa kuliko kipi. Makundi mawili yasiyogusana huweza kusukumwa mbali kadiri programu ipendavyo, na kila kilichomo ndani ya kundi kikabanwa kuwa nukta moja. Chambua kila kundi peke yake.

Stresi ni kubwa na haishuki

Clarke aliandika mwaka 1993 kwamba chini ya 0.1 picha ni nzuri, chini ya 0.2 inatumika kwa uangalifu, na juu ya 0.3 nukta zimekaa kama zilivyomwagwa. Lakini stresi hupanda kadiri viwanja vinavyoongezeka, hivyo 0.21 kwa viwanja mia mbili si sawa na 0.21 kwa viwanja kumi na tano. Jaribu mihimili mitatu badala ya miwili, na uongeze idadi ya mianzo ya kubahatisha kwa kipengele cha trymax. Ikiwa kila mara unapata picha tofauti, zilinganishe kwa njia ya Procrustes, inayozungusha na kupindua chati moja hadi ikaribiane na nyingine, kabla ya kusema zinatofautiana: chati iliyopinduliwa kushoto kwenda kulia ni ile ile, kwa sababu upande chanya au hasi wa mhimili hauna maana yoyote. Weka set.seed mwanzoni mwa hati yako ili mwenzako aweze kurudia ulichokifanya.

Jua pia kwamba amri ya metaMDS, inayoendesha NMDS katika kifurushi cha R kiitwacho vegan, hugeuza takwimu yenyewe ikiona namba kubwa: hutoa kipeuo cha pili, kisha hugawa kila spishi kwa upeo wake na kila kiwanja kwa jumla yake. Mtu anaripoti kwamba ametumia idadi halisi, kumbe sivyo. Zima kwa autotransform = FALSE, kisha ugeuze mwenyewe unavyotaka.

Mti mmoja unaamua kila kitu

Hapa chanzo ni uzito. Wauza nguzo wa Lamu hupanga miti ya mikoko kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Katika jedwali la idadi, fito mia moja za mkandaa zinaushinda mkoko mkubwa mmoja mara mia, hata kama mkoko huo ndio unaotoa kivuli na mbegu kwa kiwanja kizima. Ukitumia eneo la mashina mambo yanageuka, mti mnene mmoja unafunika vyote. Hakuna kilicho sahihi kwa kila swali. Anayeuliza juu ya uotaji upya ahesabu idadi. Anayeuliza juu ya nani anatawala msitu apime eneo la mashina.

Ukishachagua, punguza makali. Kipeuo cha pili hupunguza kidogo, kipeuo cha nne zaidi, na kuwepo au kutokuwepo kwa spishi hufuta wingi kabisa. Endesha zote. Picha ikibaki ile ile toka idadi hadi kuwepo tu, una matokeo imara. Ikibadilika, umejifunza kwamba tofauti ya viwanja vyako ni ya wingi na si ya aina, na hilo ni la kuandikwa.

Viwanja vimejipinda kama upinde

Hii ndiyo dalili inayowasumbua zaidi wanaofanya kazi kwenye mikoko, na inastahili kuelezwa kwa nafasi.

Umepima mstari kutoka majini hadi nchi kavu. Mbele kabisa ni mlilana, kisha mkoko, muia, mkandaa, na mwisho mchu. Ulitarajia viwanja vipangike kwa mfuatano huo. PCA imekupa upinde ambao ncha zake mbili zinaelekeana. Viwanja vya mlilana na viwanja vya nyuma vinaonekana kama jamaa.

Sababu ni sifuri za pamoja. PCA, mbinu ya Pearson ya tangu 1901, inatumia umbali wa Euclid, yaani wa moja kwa moja kama wa rula, na umbali huo huona kutokuwepo kwa spishi katika viwanja viwili kuwa ni kufanana. Chukua viwanja vitatu. A ina mkandaa 1 na mchu 2. B ina mlilana 1 tu. C ina mkandaa 5 na mchu 6. Kwa Euclid, A na B zina umbali wa 2.45, na A na C zina 5.66. Maana yake A iko karibu zaidi na kiwanja ambacho haishiriki nacho mti hata mmoja! Kwa Bray-Curtis, A na B wanapata 1, yaani tofauti kamili, na A na C wanapata 0.57. Anayeujua ufuo anaona mara moja kipimo kipi kimesema kweli.

Kama unahitaji PCA, gawa kila kiwanja kwa jumla yake kisha utoe kipeuo cha pili. Huo ndio ugeuzaji wa Hellinger ambao Legendre na Gallagher waliueleza mwaka 2001 kwa takwimu za aina hii. Hupunguza tatizo, ila mstari mrefu sana bado utajipinda. Kujua kama ni mrefu, endesha DCA, mbinu ya Hill na Gauch ya 1980, utazame urefu wa mhimili wa kwanza. Chini ya 3, mbinu za mstari ulionyooka zinatosha. Juu ya 4, spishi zinapanda na kushuka ndani ya mstari wako na unahitaji mbinu zinazokubali hilo. Katikati, chagua kwa akili yako.

Hata NMDS yenye Bray-Curtis inaweza kupinda kidogo, kwa sababu Bray-Curtis inagota kwenye 1. Kiwanja cha mlilana kina umbali wa 1 na cha mkandaa, na 1 vilevile na cha mchu wa nyuma, ingawa huo wa pili uko mbali zaidi. Kifurushi cha vegan kina amri ya stepacross inayokadiria umbali huo kwa kupitia viwanja vya katikati.

Ila mikoko yetu ina jambo jingine ambalo hakuna mbinu italinyoosha. Mchu huota pande mbili: karibu na maji na tena nyuma kabisa, huku katikati ukikosekana. Watafiti wamelieleza hilo katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Basi upinde unapokutanisha ncha mbili, uliza kwanza kama ncha hizo zina mchu kweli. Kama zina, chati haijakosea, inasema kwamba viwanja viwili vilivyo mbali vina mti mmoja. Wengine hugawa mchu kuwa safu mbili, mchu wa mbele na mchu wa nyuma. Mimi sikubaliani nalo, kwa kuwa unatia mahali kiwanja kilipo ndani ya takwimu na kisha unashangaa takwimu zinapokuonyesha mahali hapo. Kugawa kila spishi kwa daraja za urefu ni halali zaidi, mradi umefanya hivyo kwa miti yote. Mchu wa nyuma mara nyingi ni mfupi, na tofauti itajitokeza yenyewe.

Ukiubakiza upinde, soma mhimili wa kwanza tu. Usibuni maelezo ya chumvi au rutuba kwa mhimili wa pili ambao ni kivuli cha wa kwanza.

Klasta hazifanani na msitu unaoujua

Arabuko-Sokoke, msitu wa takribani kilomita za mraba 420, una sura tatu kuu: msitu mchanganyiko upande wa mashariki, mrihi, yaani Brachystegia spiciformis, katikati kwenye mchanga mweupe maskini, na Cynometra magharibi kwenye mchanga mwekundu wa Magarini. Klasta, yaani makundi ya viwanja vinavyofanana, zikikutolea kundi moja kubwa na viwanja vinavyodondoka kimoja kimoja, pengine umetumia njia ya kiungo kimoja, ambayo huunganisha viwanja kama mnyororo. Jaribu njia ya wastani, au ya Ward. Kwa Ward ndani ya R, andika ward.D2, ile ya ward.D haitekelezi kanuni ya Ward unapoipa umbali usiozidishwa kwa wenyewe.

Kama tatizo linabaki, angalia viwanja vya mpakani. Mrihi na msitu mchanganyiko haviachani kwa ukuta, na mbinu ya klasta italazimisha kila kiwanja kuwa upande mmoja. Weka klasta juu ya chati ya NMDS kwa rangi, uone kama kweli kuna pengo. Halafu tafuta spishi elekezi kwa njia ya Dufrêne na Legendre ya 1997, inayodai spishi iwe imejikita kwenye kundi moja na pia ipatikane katika viwanja vingi vya kundi hilo.

Jambo moja naomba tuache kabisa: kuunda klasta kutoka kwenye jedwali, kisha kupima kwa jedwali hilo hilo kama klasta zinatofautiana. Zitatofautiana daima, kwa kuwa ndivyo zilivyoundwa.

Thamani ya p ni ndogo mno, au haitaki kushuka

PERMANOVA, iliyoelezwa na Anderson mwaka 2001, hupima kama makundi ya viwanja yanatofautiana: huchanganya lebo za viwanja mara nyingi na kuuliza ni mara ngapi bahati peke yake inatoa tofauti kubwa kama yako; sehemu hiyo ndiyo p.

Ikiwa p haishuki, hesabu michanganyo inayowezekana. Viwanja vitatu vilivyokatwa na vitatu visivyokatwa vina migawanyo 10 tu ya kweli, hivyo p ndogo kuliko zote ni 0.1. Ukiomba michanganyo 9999 hubadilishi chochote. Vinne kwa vinne ni migawanyo 35, na p inaweza kufika karibu 0.03.

Ikiwa p ni 0.001 huku chati ikionyesha makundi yaliyolaliana, kuna mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni mtawanyiko: huenda makundi yana kitovu kimoja, ila moja limetapakaa zaidi. Pima kwa amri ya betadisper. Hatari ni kubwa pale kundi lenye viwanja vichache ndilo lililotapakaa, kwani hapo kipimo hutoa p ndogo kupita kiasi. Idadi ya viwanja ikiwa sawa katika makundi, una kinga nzuri.

La pili ndilo linaloharibu kazi nyingi: viwanja vya mstari mmoja wa kupimia msituni (si mstari wa jedwali) kuhesabiwa kama vinajitegemea. Ukiwa na viwanja 40 katika mistari minne, miwili palipokatwa na miwili pasipokatwa, ushahidi wako juu ya ukataji ni mistari minne, si viwanja 40. Hurlbert alilionya hili mwaka 1984 na bado lipo. Jambo unalolipima likibadilika ndani ya mstari, kama umbali kutoka majini, changanya viwanja ndani ya kila mstari peke yake. Likiwa la mstari mzima, kama ukataji, changanya mistari mizima na uache viwanja vyake vikae pamoja. Amri ya how inaruhusu yote mawili. Na unapotumia adonis2, amri ya PERMANOVA, kwa mambo zaidi ya moja, andika by waziwazi: kwa terms, mpangilio wa mambo hayo hubadilisha majibu, kwa margin, haubadilishi.

Mishale ya mazingira inaelekeza kusikoeleweka

Kwanza rudia ukaguzi wa mistari ya majedwali niliouanza nao. Kisha kumbuka kwamba mshale unaochorwa na amri ya envfit unachukulia kuwa kipimo kinapanda kwa mstari ulionyooka. Chumvi kwenye mikoko huweza kupanda katikati na kushuka tena. Chora mistari ya kimo kwa ordisurf utaiona.

Mshale mmoja ukigeuka upande pale unapoongeza mwingine, vipimo vyako vinakwenda pamoja. Tazama vif.cca, inayopima kwenda pamoja huko: juu ya 10 ni ishara mbaya. Arabuko-Sokoke ni mfano mgumu wa hili. Mvua hushuka kutoka takriban milimita 1000 kwa mwaka upande wa mashariki hadi 600 kaskazini-magharibi, na udongo nao hubadilika ukielekea huko huko. Ukiweka mstari mmoja kutoka barabara ya Malindi kwenda magharibi, mvua na udongo vitabadilika pamoja. Mgawanyo wa tofauti kwa varpart utakuonyesha sehemu kubwa ya pamoja, na hakuna amri ya R itakayoitenganisha. Kinachotenganisha ni mahali unapoweka viwanja: fuata ukanda wa mrihi kutoka kusini hadi kaskazini, ambako mchanga unabaki karibu ule ule huku mvua ikipungua, kisha weka mstari mwingine unaokata mpaka wa mchanga mweupe na mwekundu kwa umbali mfupi, ambako mvua haijapata nafasi ya kubadilika.